Sharti la Kumi

Jumatatu, 3 Julai

Niwie radhi, daftari. Mara ya mwisho nilikuandikia mwezi wa Februari, na tangu hapo umekaa kwenye droo chini ya vitambaa vya meza. Sababu ninayo: macho. Jicho la kulia lilipasuliwa mwezi wa Machi, la kushoto mwezi wa Mei. Lakini sababu si udhuru. Mtu aliyesahihisha maandishi ya wenzake miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha uchapaji angeweza kuandika hata kwa kupapasa.

Naanza tena kwa kuwa baridi imeingia. Asubuhi maji ya ndoo iliyoachwa nje yalikuwa na utando wa barafu, mwembamba kama kioo cha saa. Baridi ikiingia, safu yetu hubadilika. Nyumba saba zilizoshikana kuta, zote kwenye mteremko, na mbele ya kila mlango jiko la mkaa likisubiri moshi uishe ili liingizwe ndani. Na kila dirisha lina kabari yake: kipande cha mti chenye upana wa vidole vinne, kilichochongwa na seremala wa nyumba ya pili, na kabla yake na baba yake. Jiko likiingia, kabari inakaa kati ya ubao na fremu, dirisha lisiweze kufungwa. Mkaa unakula hewa ya chumba na kurudisha sumu isiyo na harufu. Hakuna anayelisema jambo hili. Watoto wa hapa huweka kabari kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati.

Mdogo wangu amepiga simu saa nne. Yeye na mumewe wanaishi bondeni, mwendo wa saa tisa kwa lori, mahali ambapo hakuna mtu mwenye koti. Adui wao ni upepo. Redio imewatangazia tufani katikati ya wiki hii.

"Dada, huku tunaziba kila tundu," alisema. "Upepo ukipata pa kuingilia, unanyanyua bati kutoka ndani."

"Na madirisha?"

"Madirisha, milango, mpaka tundu la ufunguo. Matambara yote ya nyumba yako kazini. Shati la harusi la mume wangu liko chini ya mlango wa jikoni."

Juu ya paa wameweka matairi chakavu. Shemeji alikuwa fundi wa magurudumu kwa miaka arobaini, na mtaa wao mzima umelaliwa na matairi yake. Nikamwambia wanalala chini ya gereji. Akasema sisi tunalala ndani ya friji. Nilicheka. Kisha nikamwambia awe mwangalifu, naye akaniuliza kama niko mzima, kwa sababu si neno ninalomwambia mara kwa mara.

Jumatano, 5 Julai

Simu ya mwisho saa nane mchana. Mtaa wao unahamia kwa jirani mmoja wanayemwita Mama Zege, kwa kuwa nyumba yake ndiyo pekee yenye paa la zege. Mama huyo huita nyumba moja moja kwa sauti, na mlango haufungwi mpaka kila nyumba iitike. Nyumba ya mdogo wangu imeitika. Baada ya hapo, simu haipatikani.

Huku ni ukungu tu. Hakuna jani linalotikisika. Inakera kuona hewa imetulia kiasi hiki.

Alhamisi, 6 Julai

Haipatikani. Nimepiga mara kumi na nne.

Muuguzi wa nyumba ya tatu alikuja kunijulia hali, akanishika mkono muda mrefu kuliko salamu. Alikuwa anahesabu mapigo yangu. Nilimwacha amalize.

Ijumaa, 7 Julai

Wako hai.

Mti wa jirani uliangukia pembe ya paa lao, upepo ukaingia, ukachukua lililobaki pamoja na matairi. Tairi moja limeokotwa kwenye uwanja wa shule. Shemeji akauliza kama lina pancha. Ndivyo alivyo mtu huyo. Lakini wakati tunaongea nilimsikia nyuma akikohoa kikohozi kirefu, kizito, cha mtu aliyelowa siku mbili akiokoa vyombo. Kifua chake kilikuwa kibovu hata kabla ya hapo.

"Njooni huku," nikasema.

"Kwenye friji?"

"Friji lina paa."

Jumamosi, 8 Julai

Tumekaa kikao cha safu nyumbani kwangu. Nyumba ya tano haina mpangaji tangu Aprili. Wote wamekubali wageni wakae humo mpaka paa lao lipatikane. Seremala, ambaye ana ufunguo, alikuna kidevu.

"Waje, hakuna neno. Ila watu wa bondeni wataiweza hii baridi?"

"Kwani wewe unaiweza?" akasema muuguzi. "Kutwa unalalama kama paka aliyemwagiwa maji."

"Mimi nalalama kwa uzoefu, dada."

Wameniomba niandike masharti ya nyumba, kama nilivyowaandikia wapangaji wengine. Najua kwamba nyuma yangu wananiita Bibi Masharti. Jina hilo halinidhuru. Niliandika tisa: zamu ya bomba, pa kutupa taka, kufagia ujia kila Jumamosi, kutoanika nguo kwenye reli ya ngazi, na kadhalika. Nimeyasoma mara tatu. Sikuona kosa. Nimetia sahihi chini, nami mwenyewe nikaibandika karatasi nyuma ya mlango wa nyumba ya tano. Seremala ameirekebisha bawaba, amechonga kabari mpya, ameiacha dirishani.

Jumanne, 11 Julai

Wamefika kwa lori la kabichi, saa tano asubuhi. Mdogo wangu amekonda. Shemeji ameshuka akiwa amevaa mashati matatu, moja juu ya jingine, yote ya mikono mifupi.

"Shemeji," akasema huku meno yakigongana, "mbona hukuniambia kwamba hapa ni jirani na mwezi?"

Amesoma masharti yangu kwa sauti, la kwanza hadi la tisa, kidole kikifuata mstari.

"Sijaona la kupiga chafya. Nipige bila kibali?"

"Elekea ukutani," nikamjibu. Mdogo wangu alicheka mpaka akaketi kwenye sanduku. Nilifurahi kumwona akicheka.

Mchana wote shemeji aliizunguka nyumba kama askari wa doria. Ameziba mpasuo wa dari kwa magazeti. Amesokota magunia ya kabichi na kuyashindilia kwenye fremu za dirisha. Nikipita, nilimwona amepiga magoti, anagongomea kitu chini ya mlango kwa kisigino cha kiatu. Mlango uliokuwa ukigonga miaka yote sasa haugongi. Nikamsifu. Alitaka hata kupandisha mawe juu ya paa, seremala akamzuia, akamwambia, Mzee, huku upepo hauibi mabati, huku unaiba vidole vya miguu.

Wanapika nje, kwenye ujia. Jioni wanakuja kwangu kuota moto.

Ijumaa, 14 Julai

Siku ya nne. Kikohozi cha shemeji kimelegea. Muuguzi anamsikiliza kifua kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kila asubuhi shemeji anamuuliza kama amesikia injini au gia.

Majirani wamewapokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Mke wa seremala ametoa koti la marehemu baba mkwe wake. Linamfika shemeji magotini. Mdogo wangu naye ameanza kuwafundisha wanawake wa safu kufunga mabati kwa waya, fundo la kuzunguka mara mbili, ingawa hapa hakuna aliyewahi kupoteza bati. Walijifunza kwa adabu, kisha wakapenda.

Jana jioni, tukiota moto kwangu, shemeji alivuta kola na kulitazama dirisha langu.

"Shemeji, dirisha lako halifungi. Kuna kipande cha mti kimekwama. Kesho nitakuletea nyundo."

"Liache," nikamwambia.

Nilikuwa nasoma. Sikunyanyua macho.

Jumapili, 16 Julai

Redio inasema mkia wa ile tufani ya bondeni umepanda milimani. Upepo na mvua ya barafu kwa pamoja, jambo ambalo sijaliona hapa kwa miaka ishirini. Asubuhi hii nguzo ya simu imelala barabarani. Watu wa safu hawajui upepo, na wageni wetu hawajui baridi, na leo tumepewa vyote viwili. Shemeji amefurahi. Amesema hatimaye kuna hali ya hewa anayoielewa.

Ninaacha hapa. Mdogo wangu amekuja kunisaidia kuchambua maharage.

Jumatatu, 17 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Jana tulichambua maharage mpaka saa nane na nusu mchana. Upepo ulikuwa unasukuma mvua kwa ubavu, mtu asingeweza kuja kwangu jioni bila kulowa. Mdogo wangu alisema mumewe amelala, baridi imemrudia kifuani. Nikamwambia asimlete huku, ampelekee moto huko huko. Jiko nilimpa mimi. Makaa niliyaweka mimi mwenyewe kwa koleo, mekundu, yasiyo na moshi. Nilimfungulia mlango ili apite na jiko. Nikamwambia, "Kampashe mzee."

Saa kumi nilichukua blanketi niwapelekee. Nikagonga. Hakuna aliyejibu. Nikagonga tena, nikaita. Kisha nikatazama chini. Magunia yalikuwa yametokeza chini ya mlango, na katikati ya magunia, kama kigingi, kabari. Ile mpya, ya seremala. Shemeji aliichukua dirishani akaigongomea chini ya mlango, kwa kuwa kwao kipande cha mti cha ukubwa ule kazi yake ni hiyo: kuzuia mlango usisukumwe na upepo.

Nilielewa hapo hapo. Nilikuwa tayari nimepiga magoti, navuta magunia kwa kucha.

Nilimwita seremala. Alikuja na patasi bila viatu. Bawaba aliyoirekebisha wiki iliyopita aliing'oa kwa mapigo matatu. Ndani kulikuwa na joto zuri. Hilo ndilo linalonirudia: joto lilikuwa zuri. Mdogo wangu alikuwa sakafuni karibu na kitanda, anatapika, anasema maneno yasiyoshikana. Shemeji alikuwa kitandani, na uso wake ulikuwa na rangi nzuri kuliko siku zote tangu afike. Nikadhani ni mzima. Muuguzi, aliyekuja mbio kwa kelele zetu, alimtazama akasema, "Hiyo si rangi ya uzima. Mtoeni."

Tuliwalaza kwenye ujia, kwenye mvua ya barafu. Muuguzi alimpulizia shemeji pumzi, akamsukuma kifua, akampulizia tena. Seremala alishika mwavuli juu yao, lakini upepo uliupindua, haukuzuia chochote. Gari la hospitali lilichelewa kwa sababu ya ile nguzo. Mwisho tulitumia gari la mwuza maziwa, katikati ya madebe.

Mdogo wangu anaongea vizuri tangu jana jioni. Alikuwa amekaa ndani saa moja na nusu tu. Mumewe alikuwa humo muda ule ule, lakini usingizini na kwa kifua kibovu. Yuko wodini na oksijeni. Hajaamka.

Masharti tisa. Nimeyasoma mara tatu na sikuona kosa.

Jumanne, 18 Julai

Hajaamka.

Safu imekaa kikao, safari hii kwa seremala. Ofisi ya mtaa inataka taarifa ya maandishi. Seremala alisema yeye kabari aliiweka mahali pake, kila mtu aliona. Alisema kweli. Mke wake akasema, kwa huruma, kwamba watu wa bondeni hawana kosa, hawajui tu moto wa ndani. Mwingine akasema walipewa masharti kwa maandishi, yako nyuma ya mlango, na kwamba mtu akipewa masharti na mtu kama Bibi halafu asiyafuate, basi tena.

"Si yameandikwa humo?" akauliza mwuza maziwa.

"Kwa Bibi lipi halijaandikwa?" akajibu seremala.

Wakageukia taarifa. Itasema: wageni hawakuzingatia masharti ya nyumba. Nikaombwa niiandike, maana mwandiko wangu ni mzuri.

Sikuwasahihisha. Nilisema kwamba kichwa kinaniuma, nitaandika kesho. Kichwa hakikuwa kinaniuma.

Muuguzi hakuwepo, alikuwa zamu. Angekuwepo angenishika mkono tena.

Jumatano, 19 Julai

Saa tatu asubuhi shemeji amefungua macho. Amemtambua mkewe. Aliuliza tuko wapi. Akaambiwa. Baada ya dakika kumi akauliza tena, kwa sauti ile ile, na mzaha ule ule kuhusu shuka. Ameuliza mara nne nikiwa pale. Daktari anasema ni kawaida, kumbukumbu hurudi kwa wiki kadhaa, na kwa wengine hairudi yote. Aliyasema haya akitazama faili.

Mdogo wangu analala kwenye kiti kando ya kitanda. Nilimpelekea chai kwenye chupa. Alikunywa akiwa amesimama.

"Ni mimi, Dada," akasema. "Mikono hii. Nililiingiza jiko, nikarudisha magunia, nikaangalia mara mbili kama kuna upepo unapita. Mara mbili. Nikajisifu kwamba chumba hakivuji."

"Kunywa chai," nikasema.

Nimeyaandika maneno hayo mawili kama nilivyoyasema, ili niyaone.

Mchana Mama Zege alipiga simu kwake. Anaongea kwa sauti inayosikika wodi nzima. Mtaa wao umetengeneza paa la mdogo wangu kwanza, kabla ya mapaa mengine yaliyoharibika, kwa sababu ya mgonjwa. Mabati wameokota, mbao wamechangishana. Lori litapita huku Jumamosi asubuhi. Wakitaka kurudi, nafasi wamewekewa. Kisha akauliza ilikuwaje hasa. Mdogo wangu akamweleza.

"Hukutembezwa?" akauliza Mama Zege.

Sikuelewa. Simu ilipokwisha mdogo wangu akanifafanulia. Kwao mgeni akihamia mtaani, siku ya kwanza anatembezwa nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inamwambia jambo moja la kumlinda. Nyumba hii inamwambia mfereji unapofurika. Ile inamwonyesha fundo la waya. Nyingine inamwambia nzi gani wa kuogopa. Inachukua mchana mzima na kuchosha, na watu wengine wanasema upuuzi tu. Shemeji, kila mgeni akifika kwake, humwambia asiweke karibu tairi lenye maji ndani, lina mbu.

"Huku ni karatasi," akasema mdogo wangu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza desturi za ugenini.

Alhamisi, 20 Julai

Taarifa ya ofisi ya mtaa. Nimeianza mara tatu.

Ya kwanza: Wageni hawakuzingatia masharti. Sentensi sahihi kabisa, na ni uongo.

Ya pili: Masharti hayakutaja. Kama kwamba masharti ni mtu, yalisahau yenyewe.

Ya tatu: Sikuwaambia. Hapo nikasimama. Neno moja, nami nililitazama mpaka chai ikapoa.

Najaribu kujitetea humu ambamo hakuna wa kunijibu. Sikusahau. Kusahau ni kuwa na kitu kikakuponyoka. Hili halikuwahi kuwa jambo la kusemwa. Mtu hamwambii mgeni wake avute pumzi. Lakini shemeji aliketi chumbani kwangu, akalionyesha dirisha kwa kidole, akauliza. Aliuliza kwa namna yake. Nikamwambia aliache, na nikageuza ukurasa. Muda wa kumweleza ungekuwa mfupi kuliko muda wa kusoma aya moja.

Seremala alipita kuuliza taarifa. Nikamwambia bado.

"Usijichoshe, Bibi. Mistari miwili inatosha."

Nikamwambia ndiyo, inatosha. Alipoondoka nikaandika mistari miwili. Nitakwenda nayo kesho, lakini si ofisini kwanza.

Ijumaa, 21 Julai

Ninaandika kwenye benchi la ujia wa hospitali, nje ya wodi ya wanaume. Daftari liko magotini, mwandiko si mzuri. Na ubaki hivyo.

Daktari amesema shemeji anaweza kutoka kesho. Akae mahali penye hewa, asikae peke yake, asiachiwe moto. Kurudi bondeni au kubaki huku, yeye hana kizuizi. Mwendo wa saa tisa utamchosha lakini hautamuua. Lori litapita saa mbili asubuhi. Kwa hiyo ni leo.

Nilimkuta mdogo wangu anakunja yale mashati matatu. Nikamwomba tutoke. Tukaketi hapa hapa. Nikamsomea mistari miwili, kwa kuwa nilijua nikianza kwa maneno yangu nitaanza kupamba. Inasema: Mimi niliyeandika masharti sikuwaambia wageni kwamba jiko likiwa ndani dirisha lisifungwe, wala sikuwaeleza kazi ya kabari. Jiko na makaa niliyatoa mimi.

Mhudumu alipita na toroli la shuka, tukavuta miguu.

"Kile kipande cha mti," akasema mdogo wangu.

"Ndiyo."

"Watu wote wa safu wanajua?"

"Wote. Hata watoto."

"Na wewe ulijua lini? Kwamba hatukuwa tumeambiwa?"

Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema ni baada ya kufikiri sana. "Jumapili," nikasema. "Saa kumi. Nilipoyaona magunia mlangoni."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, kama alivyokuwa akihesabu utotoni.

"Siku tano, Dada."

"Siku tano."

"Siku tano nimelala kwenye kile kiti nikijua nimemharibu mume wangu kwa mikono yangu. Na wewe unaniletea chai."

Kulikuwa na majibu, yote yalikuwa na sarufi nzuri.

Nilitegemea atalia au atanifukuza. Mdogo wangu tangu utoto huwa halii akiwa na hasira. Huwa anafanya kazi. Alichukua karatasi ile mkononi mwangu, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa sweta, sweta langu, nililompa siku ya kwanza. Kisha akaliangalia lile sweta kama aliyelisahau mwilini.

Nikamwambia maneno ambayo nimeyapanga usiku kucha. Kwamba nataka wabaki, nyumbani kwangu, si nyumba ya tano. Kwamba wakitaka kwenda nitawapandisha lori mwenyewe. Kwamba wakitaka niende nao, nimuuguze shemeji huko, nitafunga nyumba. Sijawahi kulala bondeni hata siku moja katika miaka sabini na miwili. Niliyasema yote matatu kwa mfululizo, vibaya, bila kupumzika pa kupumzika.

"Umeyapanga na haya," akasema.

"Nimeyapanga."

"Mimi siwezi kuamua peke yangu. Yeye ndiye aliyelala mle ndani. Nitakwenda kumwambia."

"Niingie na wewe?"

"Hapana. Na huenda nikamwambia mara nne. Kila mara nitamsomea, kila mara atasikia kwa mara ya kwanza. Wewe kaa hapa."

Alisimama. Mlangoni akageuka, na nikadhani atasema neno la kunifariji, kwa kuwa ni mtu wa huruma, siku zote amekuwa wa huruma kunizidi. Akasema, "Ofisini umeshapeleka?"

"Bado. Nilitaka usikie kwanza."

"Peleka," akasema. "Vyovyote tutakavyosema humu ndani, hiyo ipeleke." Akaitoa karatasi mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Andika nyingine. Hii ninaihitaji."

Nimeandika nyingine. Iko ndani ya daftari hili, imetiwa sahihi. Seremala ataisoma, na mwuza maziwa, na mke wa seremala. Watajua kwamba Jumanne niliketi kati yao nikawaacha wawasingizie wageni. Kutoka hapa nitapita ofisini kabla haijafungwa.

Sasa ni saa sita na robo. Wamo ndani dakika arobaini. Kupitia mlango nimeisikia sauti ya mdogo wangu ikisoma, ikanyamaza, ikasoma tena tangu mwanzo. Hiyo ni mara ya pili. Shemeji nimemsikia mara moja tu. Aliuliza, "Shemeji mwenyewe amesema?" Sikusikia alichojibiwa. Baada ya hapo hakukuwa na mzaha, nami nilisubiri mzaha, aibu iliyoje, nilikuwa nasubiri anichekeshe.

Anaanza kusoma tena. Ya tatu.

Lori ni kesho saa mbili. Shauri watakalolikata wakishatoka mlango huu nitaliandika humu lilivyo, kwa maneno yao, bila kusahihisha.